Kabla ya kuchagua masomo mawili, uliza kama yatafundishwa

Jumamosi iliyopita baada ya alasiri mpwa wangu alikuja nyumbani, hapa Kisauni, na daftari mkononi na simu inayokaribia kuzima. Alikuwa amepata B- katika KCSE na tovuti ya KUCCPS ilikuwa inafungwa Jumanne usiku.

"Mjomba, Mama anataka nisomee uuguzi. Mimi nataka kusomesha. Nataka Kiswahili na Kiarabu. Nijaze chuo gani?"

Nilimchomekea simu kwenye chaji, nikamwekea chai, nikanyamaza kidogo. Kiswahili na Kiarabu ndiyo masomo niliyochagua mimi mwenyewe nilipoingia chuo kikuu, na ndiyo yaliyonifanya nimalize miaka 5 shahada ya miaka 4.

Tangu niwe mwalimu, kila matokeo yakitoka wazazi hunipigia simu kuuliza kozi gani ina kazi. Hilo ni swali la haki. Lakini kuna swali jingine ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na ndilo lililoniumiza mimi: je, hiyo kozi, au hayo masomo mawili unayotaka kuyaoanisha, yatafundishwa kweli mpaka umalize? Leo nitaeleza hilo, nikianza na yaliyonipata.

Enzi zetu waliokuwa wakitupanga vyuoni ni JAB. KUCCPS ilikuja na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Nilipangiwa chuo kimoja huko bara, shahada ya ualimu upande wa sanaa. Katika shahada hii mtu husoma mambo matatu kwa pamoja: somo la kwanza la kufundishia, somo la pili la kufundishia, na elimu yenyewe, yaani saikolojia, mitaala, mbinu za kufundisha na mengine ya aina hiyo. Siku ya kujiandikisha nilipewa fomu nikaambiwa nichague masomo mawili. Orodha ilikuwa ndefu na Kiarabu kilikuwamo. Nikaona kwa kuwa kimeandikwa, basi kipo.

Mwaka wa kwanza darasa la Kiarabu tulikuwa 11. Mwaka wa pili tukabaki 6. Mhadhiri wa kudumu alikuwa mmoja, na mwingine alikuwa akija kwa vipindi kisha anaondoka. Semesta ya pili ya mwaka wa pili yule wa kudumu alipata kazi Ghuba akaenda zake, na simlaumu. Wiki tatu tulikaa darasani tukimsubiri mtu asiyekuja. Hatimaye mkuu wa idara alituita, akatuambia wanafunzi 6 hawatoshi kumwajiria mtu, tutafute somo jingine.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kubadilisha somo katikati ya safari. Nilihamia Dini, kwa sababu IRE nilikuwa nimeipasi vizuri shuleni. Lakini yuniti za Dini nilitakiwa nianze zile za mwaka wa kwanza, na mimi nilikuwa naingia mwaka wa tatu. Ratiba ya chuo haikupangwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Yuniti ya Dini ya mwaka wa kwanza ilikuwa Jumanne saa nne, na fonolojia ya Kiswahili ya mwaka wa tatu nayo Jumanne saa nne. Nilikimbizana nazo hivyo mpaka nikazimaliza zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa ikifundishwa semesta ya kwanza tu, mara moja kwa mwaka. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikasubiri mwaka mzima kwa ajili ya yuniti moja. Mkopo wa HELB ulikuwa umehesabiwa miaka 4. Karo na chumba cha mwaka wa tano vililipwa na mamangu kwa mahamri na mbaazi aliyokuwa akiuza asubuhi Majengo.

Na mimi nilikuwa na bahati. Rafiki yangu mmoja katika wale 6 naye alihamia Dini, lakini KCSE alikuwa na C ya IRE, si C+. Chuo kilimpokea bila neno. Alisoma, akafuzu, akapeleka makaratasi yake TSC kusajiliwa, akakataliwa. Tume ya walimu inataka C+ ya jumla na C+ katika kila somo la kufundishia, na tena chuoni uwe umesoma yuniti zisizopungua 8 katika kila somo kati ya yale mawili. Sasa anauza vifaa vya simu Kongowea. Biashara yake si mbaya, lakini cheti chake kimelala kabatini.

Kwa hivyo mzazi au kijana anayetaka ualimu aanze hapo, kwenye karatasi ya matokeo, kabla ya kufungua tovuti yoyote. Piga mstari chini ya kila somo lenye C+ au zaidi na lenye kufundishwa shule za upili. Masomo ya kuoanisha yatoke katika hayo tu. Na ukifika chuoni uhesabu yuniti zako mwenyewe. Ofisi haitakuhesabia. Anayebadilisha somo njiani, au anayeacha yuniti ngumu akachukua nyepesi ya idara nyingine, anaweza kumaliza na shahada halali iliyo na yuniti 7 za somo moja. Chuoni hakuna atakayekuzuia kuvaa joho, na utakuja kuijua hiyo 7 siku unasajiliwa.

Tukafungua matokeo ya mpwa wangu: IRE A, Kiswahili A-, Kiarabu B+, Historia B, Kiingereza C+, Baiolojia C, Kemia C-, Hisabati D+. Tangu mtihani wa 2023, alama ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Masomo 7, kila moja alama 12, jumla 84. Yeye ana 59. Kiingereza kimeingia kama mojawapo ya yale matano, na Hisabati yake haikuepukika.

Lakini 59 haimpi nafasi peke yake. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne ambayo kozi hiyo inayatazama, na alama za klasta hupatikana kwa kuchanganya alama za masomo hayo manne na ile jumla ya mtihani mzima. Kilele ni 48. Ndiyo maana watoto wawili wenye B- wanaweza kuwa mbali kama Vanga na Kiunga: mmoja alama zake zimekaa kwenye Fizikia na Hisabati, mwingine kwenye lugha na dini. Uuguzi unatazama Baiolojia na Kemia. Kwa C- ya Kemia, digrii ya uuguzi haipo, hata dada yangu akinuna vipi. Diploma ni mazungumzo mengine.

Kuna jambo moja kuhusu alama hizi ambalo linawapotosha watu kila mwaka. Ile alama ya mwaka jana unayoiona kando ya kozi hakuna aliyekaa akaipanga. Ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyeingia katika kozi ile, chuo kile, mwaka ule. Vyuo hutangaza nafasi walizonazo, wanafunzi hupangwa kuanzia wa juu, na nafasi zikiisha, yule wa mwisho ndiye anayeacha alama yake hapo. Mwaka huu wakiomba wengi wenye alama kubwa, inapanda. Nafasi zikiongezwa, inashuka. Basi aliye na alama sawasawa na ya mwaka jana asijihesabu ameingia, na aliye chini yake kidogo asikate tamaa. Nafasi za kwanza jaza unachokipenda, na za chini weka vyuo ambavyo alama yako imevizidi kwa wazi. Nimeona watoto wazuri wakijaza kozi ile ile ngumu katika vyuo vinavyogombewa kutoka juu hadi chini, wakakosa vyote, wakabaki duru ya pili kuokota kozi zilizosalia.

Nikamwambia mpwa wangu, "Una A- ya Kiswahili. Ungetaka sheria ungejaribu." Kujiunga na shahada ya sheria hutakiwa C+ ya jumla na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Neno ni "au". Wazazi wengi wa hapa hawajui kwamba Kiswahili kinaweza kumfungulia mtoto mlango huo, wanadhani ni Kiingereza tu. Akacheka. "Mjomba, mimi kubishana siwezi." Anayebishana na mamake tangu Ijumaa!

Tukarudi kwenye ualimu. Tovuti mara nyingi huandika tu shahada ya ualimu, sanaa, pamoja na jina la chuo. Masomo mawili hayaonekani hapo, utayachagua siku ya kujiandikisha kitivoni. Maana yake ni kwamba unapojaza chuo, tayari umeshachagua yale masomo yanayowezekana, ujue usijue. Chuo kisicho na idara ya Kiarabu hakitakufundisha Kiarabu kwa sababu wewe una B+. Na chuo chenye somo la dini si lazima kiwe na walimu wa IRE. Huenda wanaofundisha huko ni wa CRE na falsafa, na wewe utajikuta unasoma yuniti mbili tatu za Uislamu na zilizobaki ni za jumla.

Hata idara zote mbili zikiwapo, kuna suala la saa. Vyuo hupanga ratiba kwa kuangalia mikusanyiko mikubwa. Kiswahili na Historia, Kiswahili na Dini, Historia na Dini, Hisabati na Fizikia, Baiolojia na Kemia: hizi zina wanafunzi wengi, kwa hivyo anayepanga ratiba hujitahidi zisigongane. Ukija na Kiswahili na Hisabati, au Kiarabu na Jiografia, hakuna aliyekufikiria. Pengine itakwenda vizuri, pengine kila semesta utakuwa mlangoni kwa mkuu wa idara ukiomba darasa lisogezwe. Kiingereza nacho kina mambo yake, huoanishwa na Fasihi ya Kiingereza, wala hakikuachii nafasi ya somo la tatu.

Mtu ataniuliza, sasa tufuate njia ya wengi tu? La. Penda unachopenda, lakini jua nani anakifundisha. Mimi ningependa Kiarabu kifundishwe vyuoni mpaka kiwe kama Kiswahili. Wapwani wengi hukianza madrasa kabla ya kujua kusoma herufi za Kirumi, na ni hasara kubwa kwamba ujuzi huo unakosa pa kuendelea. Ila ujuzi wa lugha na somo la kusajiliwa TSC ni vitu viwili. Kiarabu mpwa wangu anaweza kuendelea nacho kwa maalim wake hapa mtaani. Somo la kufundishia lazima lipatikane chuoni, kwa yuniti zote, kwa miaka yote.

Tena kuna upande wa kazi. Kiswahili ni lazima KCSE, kwa hivyo kila shule ya upili nchini ina haja ya mwalimu wake. IRE na Kiarabu hufundishwa katika shule chache zaidi, nyingi zikiwa Pwani, Kaskazini Mashariki na Nairobi. Mwenye Kiarabu na IRE pekee amejifungia katika shule hizo. Mwenye Kiswahili na moja kati ya hizo ana pa kuegemea kote.

Uchunguzi wenyewe si mgumu, na kwetu umekuwa rahisi kuliko zamani. Sisi tulilazimika kwenda bara tusikokujua. Siku hizi Pwani University iko Kilifi, na ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, mwaka mmoja na Technical University of Mombasa, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita MIOME. Taita Taveta ikafuata 2016. Nauli ya matatu ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko karo ya mwaka wa tano. Usiende ofisi ya masoko, huko utapewa karatasi ya kung'aa yenye picha za wanafunzi wanaocheka. Nenda kwenye idara, utazame ubao wa matangazo. Omba kuona ratiba ya mwaka wa tatu na wa nne, si ya kwanza. Mwaka wa kwanza kila kitu kipo. Kama jina la somo lako halimo katika ratiba ya mwaka wa tatu, umeshapata jibu. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne wa somo hilo umuulize mambo machache: mko wangapi, wahadhiri wa kudumu ni wangapi, kuna yuniti mliyoisubiri? Ukimkosa mwanafunzi wa mwaka wa nne kwa sababu hayuko, hilo nalo ni jibu.

Haya si ya walimu tu. Anayesomea biashara husoma pamoja na wenzake miaka ya kwanza, halafu hugawanyika: uhasibu, fedha, masoko, usimamizi wa wafanyakazi. Chuo kinaweza kutangaza migawanyo mitano na kufundisha mitatu, kutegemea wanafunzi wamejitokeza wangapi. Uhandisi una jambo zito zaidi, lazima uulize kama shahada hiyo, ya chuo hicho, inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi. Kwa wauguzi ni Baraza la Wauguzi. Kozi za bahari ndizo zinazovuta vijana wetu sasa kwa sababu ya haya maneno ya uchumi wa buluu, na ni jambo jema, lakini majina yanachanganya. Usimamizi wa rasilimali za bahari, uvuvi, na uhandisi wa meli ni kazi tatu tofauti. Anayetaka kupanda meli kama baharia asisome shahada ya viumbe vya baharini akidhani atafika huko.

Na wenye watoto Gredi ya 10 wasidhani hili ni la wengine. Kundi la kwanza liliingia sekondari ya juu Januari 2026, na kila mtoto amechagua masomo matatu kulingana na njia yake. Hadithi ni ile ile, mapema zaidi: mkusanyiko unaoandikwa kwenye orodha si lazima uwe na mwalimu shuleni.

Mtoto akishaingia chuoni, kazi moja ifanyike wiki ya kwanza. Achukue karatasi kubwa, aigawe semesta 8, na aandike kila yuniti ya masomo yake mawili pale inapofundishwa. Zile zinazofundishwa mara moja kwa mwaka azitie alama nyekundu. Zile zinazotakiwa kabla ya nyingine azifunge kwa mshale. Mimi karatasi hiyo niliichora mwaka wa tatu, nikaona mara moja ile yuniti itakayonikwamisha. Ningeichora mwanzo nisingehamia Dini mwaka wa tatu, ningehamia mwaka wa kwanza, nilipoona darasa la watu 11 na mhadhiri mmoja.

Maana kuhama mapema kunawezekana. Kubadilisha somo ndani ya kitivo ni barua na saini wiki za mwanzo. Kuhama chuo hadi chuo hupitia KUCCPS, kuna muda wake maalumu baada ya kupangwa, na sharti ni kwamba alama zako za klasta zifikie zile za kozi unayokwenda kwa mwaka huo, na huko waendako pawe na nafasi. Muda ukipita ni juu yako.

Jumatatu asubuhi mpwa wangu alipanda matatu akaenda chuo kimoja alichokuwa akikitaka. Saa tano akanitumia picha mbili kwa WhatsApp, ratiba zilizobandikwa ukutani. Mwaka wa kwanza Kiarabu kipo, yuniti mbili. Mwaka wa tatu hakuna. Akanipigia.

"Mjomba, nimemuuliza karani, ameniambia wanafunzi wa Kiarabu wa mwaka wa tatu walihamia kwingine."

"Na IRE?"

"IRE ipo mpaka wa nne. Nimeongea na dada mmoja wa Malindi, wako 34. Kiswahili na IRE hazigongani, amenionyesha."

Jumanne kabla ya isha alijaza. Juu kabisa ameweka chuo hicho hicho, kwa Kiswahili na IRE, na chini akaweka viwili ambavyo alama yake imevizidi. Kiarabu ameshazungumza na maalim wake, ataendelea jioni za likizo. Dada yangu bado hajapokea simu zangu.